Kuhakiki makala ya vita vya majini: tuanze na ziwa letu

Makala ya vita vya majini hupendwa upesi kuliko inavyostahili. Ina meli na mizinga, ina kamanda mwenye vituko, na mwisho wake uko wazi: mmoja kazama, mwenzake kaelea. Msomaji hubebwa na hadithi mpaka tamati bila kuuliza ni nani aliyehesabu mizinga hiyo. Kwa sababu hiyo, mwalimu au mwanafunzi anayetaka kujifunza kuhakiki makala za kamusi elezo namshauri aanze na vita vya aina hii. Kwa mkazi wa Bujumbura hakuna haja ya kwenda mbali hadi Jutland. Vita vyetu vipo hapa mbele ya bandari, Ziwa Tanganyika, tangu Agosti 1914 hadi Julai 1916.

Kabla ya kupima, jua kisa. Mwaka 1914 pwani ya mashariki, kuanzia Usumbura (ndiyo Bujumbura ya leo) mpaka Bismarckburg (Kasanga ya leo), ilikuwa ya Mjerumani. Magharibi ilikuwa Kongo ya Mbelgiji, na kusini Rhodesia ya Kaskazini ya Mwingereza. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji na kuiharibu. Novemba mwaka huohuo Wajerumani wakaziharibu Good News na Cecil Rhodes za upande wa Waingereza. Februari 1915 wakashusha majini Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma.

Waingereza wakajibu kwa mashua mbili za injini zenye urefu wa mita 12 hivi kila moja, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilipakiwa melini hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, zikakokotwa milimani Mitumba, zikapanda treni tena, zikateremka mto Lualaba, zikapanda treni mara ya mwisho hadi mlango wa Lukuga, mahali palipo Kalemie leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, ikapewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Graf von Götzen haikushindwa na meli yoyote: Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916, jeshi la Wabelgiji likikaribia.

Sasa fungua makala unayoihakiki. Usianze na aya ya kwanza. Anza na lile jedwali la pembeni linalotaja tarehe, pande zilizopigana, makamanda, vikosi, hasara na matokeo. Jedwali huandikwa na mtu mmoja, mwili wa makala huandikwa na wengine kwa miaka mingi, na mara nyingi havisemezani. Chukua karatasi, nakili kila kilichomo kwenye jedwali, kisha soma makala nzima ukitia alama mbele ya kila dai lililothibitishwa ndani. Kisichopata alama ni swali lako la kwanza kwa mwandishi.

Tarehe ya kuanza peke yake hukuonyesha mwandishi kasimama pwani ipi. Makala inayoanza Desemba 1915 imeandikwa kwa jicho la Mwingereza, maana ndipo mashua zake zilipoingia majini. Kwa Mbelgiji na Mkongo, na kwa Mjerumani pia, vita vilikuwa vimeshapigwa kwa mwaka mmoja na zaidi. Ukikuta jedwali linasema Desemba 1915 huku aya ya utangulizi ikisimulia mashambulizi ya Agosti 1914, usiandike tu kwamba tarehe imekosewa. Uliza makala inahusu nini: mapigano yale mawili ya mashua, au mashindano yote ya kulitawala ziwa? Mwandishi achague, kisha kichwa, jedwali na maelezo yafuate uamuzi huo.

Tazama na sehemu ya matokeo. Makala nyingi hupenda kuandika kwamba Waingereza waliiangamiza nguvu ya Wajerumani ziwani. Meli mbili, ndiyo. Lakini kubwa kuliko zote, ile iliyokuwa ikisafirisha askari na mizigo, ilibaki ikielea kwa miezi zaidi ya mitano baada ya Hedwig kuzama. Ilipopita siku iliyofuata, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Ndege za majini za Wabelgiji ziliidondoshea Kigoma mabomu mwezi wa Juni 1916, na Wabelgiji walidai kuipiga. Makala isiyotenganisha kutekwa, kuzamishwa, kudaiwa kupigwa na kuzamishwa na wenyewe haijawa tayari, hata kama Kiswahili chake kinateleza kama mafuta.

Namba na mashahidi wake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mnunuzi wa ndagala anayejua kazi hatazami zile za juu ya gunia. Hutia mkono mpaka chini. Chini ya makala ni tanbihi.

Chukua uzito wa Graf von Götzen. Kuna makala itakayokwambia tani 1,200, nyingine zaidi ya tani 1,500. Usikimbilie kusema mmoja kadanganya. Tani ya meli inaweza kuwa uzito wa maji ambayo meli inayasukuma ikielea, na inaweza kuwa kipimo cha nafasi iliyomo ndani yake, ambacho si uzito kabisa. Juu ya hayo kuna tani ya Kiingereza ya kilo 1,016 na tani ya metriki ya kilo 1,000. Andika katika uhakiki wako: “Ni tani ipi, na kwa kitabu kipi?” Mwandishi makini atashukuru kuulizwa. Asiyejua atagundua kwamba alinakili tu.

Mizinga ina mtego wake. Waingereza waliita mizinga yao midogo kwa uzito wa risasi: mashua Mimi na Toutou zilikuwa na mzinga wa ratili 3 mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Wajerumani walipima upana wa mtutu: Kingani ilikuwa na mzinga wa milimita 37, na Götzen ilifungwa mzinga wa milimita 105 ulioopolewa kutoka meli ya kivita Königsberg, iliyozamishwa na wenyewe kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Makala ikiweka ratili upande mmoja na milimita upande wa pili, msomaji wa kawaida hawezi kulinganisha chochote. Omba vipimo vigeuzwe: ratili 3 ni milimita 47, na ratili 12, mzinga uliofungwa baadaye kwenye Fifi, ni milimita 76. Hapo ndipo msomaji anapoona kwamba mashua zile ndogo zilibeba mzinga mkubwa kuliko wa Kingani.

Hilo linaleta swali ambalo wahakiki wengi hulisahau: je, makala inaeleza kwa nini aliyeshinda alishinda? Kusema tu kwamba mashua zilikuwa na kasi hakutoshi. Mzinga wa Kingani ulielekea mbele tu. Mashua zilizokuja kwa kasi kutoka nyuma yake ziliikuta haina jino upande huo. Mashua nazo zilikuwa na udhaifu: mzinga wao haukuweza kupigwa salama isipokuwa kwa kuelekeza mashua nzima kwenye shabaha. Aya moja ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa tatu za ushujaa. Ikikosekana, iombe kabla ya kitu kingine chochote.

Rudi kwenye tanbihi. Hesabu mashahidi, usihesabu tanbihi. Vituko vya Spicer-Simson vinasimuliwa kila mahali: sketi aliyovaa, chale alizozionyesha mwilini, majina ya paka na mbwa aliyotaka kuzipa mashua kabla ya wakubwa wa jeshi la majini kukataa. Makala inaweza kuweka tanbihi 5 chini ya visa hivyo na ikaonekana imethibitishwa barabara. Fuatilia. Kitabu cha Giles Foden cha mwaka 2004 kinakurudisha kwenye cha Peter Shankland, The Phantom Flotilla, cha mwaka 1968. Shankland naye alitegemea sana kumbukumbu za Dkt. Hanschell, daktari wa msafara, alizozitoa miongo mingi baada ya tukio. Tanbihi 5, shahidi mmoja. Simsemi daktari huyo kuwa mwongo. Alikuwepo, na aliona. Ila makala inapaswa kumwambia msomaji kwamba ndivyo daktari alivyokumbuka, badala ya kusimulia kana kwamba dunia nzima ilishuhudia.

Mizani ipo. Frank Magee, aliyekuwa katika msafara, aliandika kuuhusu katika National Geographic mwaka 1922. Spicer-Simson mwenyewe alitoa mhadhara London uliochapishwa 1934. Historia rasmi ya Uingereza ya vita vya Afrika Mashariki, iliyoandikwa na Charles Hordern, ilitoka 1941. Wabelgiji walichapisha yao rasmi, Les campagnes coloniales belges 1914-1918, katika majuzuu matatu kati ya 1927 na 1932, na Georges Moulaert, aliyeongoza majeshi yao ziwani, aliandika kitabu chake mwenyewe. Makala isiyotaja hata kimoja kati ya vile vya Kifaransa ina pengo, na pengo hilo unaweza kulionyesha wewe kuliko mhakiki wa Nairobi au London.

Maana huu ndio mtaji wa mtu wa Bujumbura. Mtoto wa Buyenzi huongea Kiswahili nyumbani na Kirundi mtaani, husoma Kifaransa shuleni, na siku hizi Kiingereza pia. Fungua makala ileile kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kijerumani ukimpata wa kukusaidia, na kwa Kiswahili, ziweke sambamba. Usitafute makosa ya tafsiri. Tafuta kilichomo huku kisichomo kule: nani katajwa kwa jina, nani kaitwa “wenyeji”, meli ipi ina aya nzima na ipi ina nusu sentensi. Vitabu vya Kifaransa ulizia maktaba ya Chuo Kikuu cha Burundi kule Mutanga, au Taasisi ya Kifaransa mjini. Ukikosa kitabu chenyewe, usijifanye umekisoma. Andika kwamba dai linahitaji kukaguliwa na mwenye nakala.

Kuna tanbihi mbaya kuliko ile isiyokuwepo, nayo ni ile inayoelekeza kwenye chanzo cha kweli ambacho hakisemi kinachodaiwa. Sisi tuna mfano wa wazi kusini mwa mji, jiwe la Mugere. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871, na ni kweli walilala hapo. Lakini wageni wengi huondoka wakiamini kwamba ndipo wawili hao walipokutana, ilhali walikutana Ujiji wiki mbili kabla. Jiwe halikusema hivyo. Basi unapokagua tanbihi, fungua ukurasa uliotajwa na usome sentensi yenyewe. Huna muda wa kuzikagua zote? Chagua zile zinazobeba namba, zinazobeba sifa kubwa (“ya kwanza”, “ya pekee”, “kubwa kuliko zote”), na zinazobeba maneno ndani ya alama za kunukuu. Maili 10,000 za safari ya mashua kutoka Uingereza ni namba ya kukagua kwa sababu tu imekuwa duara mno.

Waliokuwa pwani

Mashua hazikujivuta zenyewe milimani Mitumba. Zilivutwa na matrekta ya mvuke, na ng'ombe, na watu. Barabara ilifyekwa, madaraja yakajengwa, maji ya matrekta yakabebwa vichwani. Angalia jinsi makala inavyoieleza kazi hii. Mara nyingi utasoma kwamba Spicer-Simson “alizivusha mashua milimani”, kama kwamba alizibeba begani. Idadi ya wafanyakazi hutofautiana kitabu hadi kitabu, kwa hiyo mwandishi asilazimishwe kutoa namba moja. Ataje tofauti hiyo na waliosema. Lakini kazi iwe na watenda kazi katika sentensi. Pima hivyohivyo kwa mabaharia na askari Waafrika wa meli za Kijerumani, na kwa Force Publique, jeshi la Kongo ya Mbelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo hata makala ikisema “Wabelgiji”.

Waholoholo wa pwani ya Lukuga nao huingia katika makala hizi kama mapambo: eti walimwabudu Spicer-Simson na kumchongea sanamu. Muulize mwandishi hayo kasema nani. Kama waliosema ni Wazungu wa msafara peke yao, makala iseme hivyo, au ikiondoe kisa hicho. Kamusi elezo haipungukiwi na kitu kwa kukosa kichekesho.

Kuhusu upande wetu, utashangaa jinsi ncha ya kaskazini ya ziwa inavyosahaulika. Usumbura ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Wabelgiji waliichukua Juni 1916 wakitokea nchi kavu, baada ya kuingia Kigali mwezi wa Mei, na mwezi huohuo wa Juni wakafika Gitega. Kigoma ikafuata mwisho wa Julai. Naona mwendo huo wa nchi kavu uliamua hatima ya Götzen kuliko mashua zile mbili, ingawa ni kweli pia kwamba kuondolewa kwa Kingani na Hedwig kuliwapa Wabelgiji nafasi majini ambayo hawakuwa nayo tangu 1914. Makala nzuri huziweka hoja zote mbili na kuwataja wanaozishikilia.

Hata hivyo usigeuke mtu wa kudai kila kitu. Mwami Mutaga IV alifariki mwishoni mwa Novemba 1915, na Mwambutsa, akiwa bado mtoto mdogo, akatawazwa Desemba hiyohiyo ambayo Kingani ilitekwa. Kwa Mrundi hilo ni jambo zito. Katika makala ya vita vya ziwa linatosha sentensi moja kwenye sehemu ya usuli, pengine na kiungo cha makala nyingine. Ukiijaza makala mambo ya pembeni kwa sababu ni ya kwenu, umefanya kosa lilelile la mwandishi wa London.

Majina ya mahali hayana ubishi mkubwa, ila yanahitaji nidhamu. Usumbura kwa tukio la 1916, na Bujumbura katika mabano mara ya kwanza tu. Vivyo hivyo Bismarckburg na Kasanga. Ramani yenye mpaka wa Tanzania katika vita vya 1915 irudishwe. Picha nazo: soma maelezo yake, kisha tazama kama meli iliyopo ndiyo iliyotajwa. Picha za Liemba ya leo (ndiyo Götzen iliyopewa jina jipya) hutumika ovyo kuonyesha Götzen ya 1915, na ingawa bodi ni lile lile, meli hiyo imefanyiwa matengenezo makubwa.

Na ukiona torpedo mahali popote, simama. Torpedo ya kutengeneza kwa mkono ni ya The African Queen, riwaya ya C. S. Forester ya 1935 na filamu ya John Huston ya 1951. Meli ya Kijerumani ya humo ni ya kubuni. Filamu hiyo ina haki ya aya fupi kwenye sehemu ya athari za kitamaduni, si zaidi.

Sehemu ya yaliyofuata ndiyo ninayoisoma kwa makini kuliko wahakiki wengi, maana hapo makala nyingi huchoka. Götzen iliopolewa na Wabelgiji, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920, Waingereza wakaiinua 1924, na ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Mei 2015 ndiyo iliyowavusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Makala ikiishia kwenye filamu ya Hollywood na kuliacha hilo, andika wazi kwamba haijakamilika.

Ukifika kwenye kuandika uhakiki wenyewe, punguza sifa na lawama. “Makala nzuri ila inahitaji kuboreshwa” haimsaidii mtu. Kwa kila dosari andika vitu vinne: aya gani, inasema nini, ushahidi unasema nini na uko ukurasa wa ngapi, na unapendekeza iandikwe vipi. Tenga dosari za ukweli na za lugha. Za ukweli zitangulie. Kama mwandishi ni mzee wako au mwalimu wako, heshima iwe katika salamu na katika namna ya kuuliza, lakini tarehe iliyokosewa uitaje bila kuifunika. Kama ni makala ya Wikipedia, weka hoja zako kwenye ukurasa wa majadiliano kabla ya kugusa maandishi, hasa hoja za tarehe ya kuanza na matokeo, kwa kuwa wahariri wengine huenda walishakubaliana jambo. Kosa la tahajia rekebisha mara moja.

Mwisho toa daraja, na utaje kilichoizuia kupata la juu. Makala yenye tarehe sahihi, tanbihi zilizokaguliwa na maelezo ya kwa nini, lakini isiyo na chanzo hata kimoja cha Kifaransa au Kijerumani, mimi huipa daraja la kati, hata iwe ndefu vipi. Kisha rudi baada ya wiki chache ufungue historia ya ukurasa. Ukikuta mtu kabadilisha namba bila kubadilisha tanbihi yake, anza upya na aya hiyo.